Eksteno ikikaa droo moja na kompyuta, hapo una bakapu kweli?

#1 Loleza
Wakuu, salaam.

Nina hoja, mwenye hoja ya kuipinga aje nayo. Ukinakili picha na mafaili yako kwenye eksteno, ile diski ya nje inayochomekwa kwa waya, kisha eksteno ukaiacha kwenye droo ya meza ile ile ya kompyuta, bado huna bakapu, yaani nakala ya akiba. Una nakala mbili zinazosubiri janga moja. Mwizi akiingia anabeba laptopu na begi lake na kila kilichomo. Radi ikipiga eksteno ikiwa imechomekwa, vinakwenda vyote. Moto ndiyo usiseme. Sisi wa Mbeya tunakumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006. Daftari la madeni na nakala yake vikiwa kibanda kimoja, moto hauulizi ipi ni nakala.

Wapo wanaofuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: kila faili liwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ilale nje ya nyumba. Hizo mbili za mwanzo hazinisumbui. Hiyo ya kulala nje ndiyo shughuli. Mtandaoni bando linakata. Kwa jirani, je, unamwamini kiasi hicho?

Naomba kila mmoja aseme anavyofanya nyumbani kwake. Na swali la pili: kwa nini haddiski, zile diski za kuzunguka zilizomo ndani ya kompyuta na eksteno, zinakufa sana ukanda wetu huu? Nimeuliza mafundi pale Kabwe, kila mmoja ana jibu lake.

Nawasilisha.

#2 Ulanzi Mtamu
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mzee wa Parachichi
Swali la pili ni jepesi. Sababu ni mwinuko. Mbeya tupo juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ndani ya haddiski kuna kichwa kinachosoma huku kikielea juu ya sahani inayozunguka, na kinachokielesha ni hewa. Hewa ikiwa nyepesi kichwa kinashuka, kinakwaruza sahani, kwaheri. Ndiyo maana Dar zinadumu na huku hazidumu.

#4 Fundi Mafiati
#3 shikamoo mzee wangu. Kuhusu kichwa kuelea juu ya hewa uko sahihi kabisa. Ila haddiski nyingi za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi mpaka mita kama 3,000. Kwa hiyo Mbeya mjini bado tupo chini sana. Hata ukipanda na laptopu yako Kitulo ukaiwasha katikati ya maua, hujavuka kipimo.

Mimi ninazozipokea mezani zimekufa kwa umeme. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena. Sahani inazunguka, kichwa kiko katikati ya kuandika, ghafla nguvu hakuna. Siku ya kwanza inavumilia. Ikizoea hivyo, inaanza kugonga, "tik tik tik". Ukisikia mlio huo usiendelee kuiwasha na kuizima ukijaribu bahati yako. Kila ukiwasha unaongeza mkwaruzo, hata atakayejaribu kuokoa mafaili baadaye unamwachia kazi ngumu zaidi.

#5 Mama Wawili Tukuyu
Nyote mmesahau unyevu. Njooni Tukuyu mwezi wa nne mwone. Mvua haikatiki, nguo haikauki, viatu vinaota ukungu kabatini. CD za harusi yangu zimeota madoa kama ramani. Kama ukungu unakula kioo cha kamera, haddiski ni nani?

#6 Kitonga Shuka Taratibu
Jamani, zinaanguka tu. Mtu anavuta waya wa eksteno ikiwa kwenye kochi, inadondoka sakafuni ikiwa inazunguka. Akija kwa fundi anasema "imejifia yenyewe". Fundi #4 ushahidi unao.

#7 Fundi Mafiati
#6 😂 Umenena. Wateja wote hawajaidondosha.

#5 dada, kwa CD nakubaliana na wewe. Haddiski ina kitundu kidogo cha kupumulia chenye chujio, kwa hiyo ukungu hauingii kirahisi namna hiyo. Hatari ya unyevu ni pale chombo cha baridi kinapoingia chumba chenye joto. Umetoka na eksteno Makete alfajiri mwezi wa saba, imeganda kwenye begi, unafika nyumbani unaichomeka karibu na jiko. Maji yanajikusanya juu ya vyuma kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Iache kwenye begi mpaka ipate joto la chumba, ndipo uichomeke.

#8 Nyasa Upepo
Kwa unyevu dawa ipo: iweke kwenye mchele. Wa Kyela.

#9 Mama Wawili Tukuyu
#8 mchele wa Kyela kwa bei ya sasa niulalie mimi, eksteno itafute mahali pengine.

#10 Binti wa Mufindi
Kamwene. Mleta mada ameuliza tunavyofanya nyumbani, basi niseme ya kwetu.

Tuna eksteno mbili za TB 1 zinazofanana. Moja ipo kwangu Mafinga, nyingine ipo kwa dada yangu Makambako. Ndani kuna picha za familia, kumbukumbu za shamba la miti la mzee, vyeti vya watoto vilivyoskaniwa, na sauti za bibi akisimulia ukoo, ambazo tulizirekodi kabla hajaondoka. Yangu naijaza kila mwisho wa mwezi. Tukikutana na dada, iwe Pasaka, harusi au msiba, tunabadilishana: ninampa yangu iliyojaa mapya, ananipa yake iliyopitwa. Nikirudi nyumbani ile iliyopitwa naijazia yale mapya. Kwa hiyo muda wote kuna nakala moja iliyo mji mwingine, na hakuna hata senti ya bando iliyotumika.

Kila eksteno ina kipande cha plasta nyeupe mgongoni. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, "YA MAFINGA" na "YA MAKAMBAKO", na chini yake tarehe ya mwisho kujazwa. Ya zamani tunaikata mstari, tunaandika mpya. Plasta ikijaa tunabandua. Bila hiyo plasta mngekuwa mnabishana ipi ni mpya mpaka mfungue zote mbili.

Kitu kingine: dada akiipokea haiweki tu kabatini. Anaichomeka kwenye kompyuta yake, anafungua folda yoyote, anaangalia picha kadhaa na barua moja, anasikiliza sauti ya bibi kidogo. Zikifunguka ananitumia meseji "ipo". Nakala usiyoijua kama inafunguka usiitegemee.

#11 Loleza
#10 hapa ndipo nilipotaka tufike. Swali: kati ya Pasaka na Krismasi, yale mapya yote yako kwenye nyumba moja tu. Hapo mnafanyaje?

#12 Binti wa Mufindi
#11 ni kweli, hilo pengo lipo. Ya lazima, kama vyeti na hati, naweka pia Google Drive maana hayana uzito. Picha zinasubiri tukutane. Tumeamua tunaweza kuvumilia kupoteza picha za miezi michache. Sauti za bibi hatuwezi, na hizo zipo pande zote.

#13 Mwana MUST
Nyie bado mnabeba maeksteno kwenye mabasi zama hizi? Wekeni mtandaoni yaishe. Mimi ni mwanafunzi hapa Iyunga, kila kitu changu kipo wingu. Laptopu ikiibiwa leo, kesho naingia kwa nyingine naendelea na kazi.

Na msitishike na muda. Intaneti ya faiba ya 5 Mbps inapandisha MB 5 kila sekunde. GB 200 ni saa kama 11 hivi. Unaacha usiku, asubuhi imemaliza.

#14 Mwalimu Gangilonga
#13 kijana wangu, hapo rekebisha hesabu. Mbps ni megabiti, siyo megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Kasi ya 5 Mbps ni kama MB 0.6 kwa sekunde. GB 200 kwa kasi hiyo ni saa zinazokaribia 90, yaani zaidi ya siku tatu na nusu mfululizo bila umeme kukatika. TB 1 ni siku 18 na nusu. Tena hapo tumechukulia kasi ya kupandisha ni sawa na ya kushusha, na vifurushi vingi havipo hivyo.

Na GB 15 za bure za Google ni za vyote kwa pamoja: barua pepe, Drive na picha. Zamani picha za ubora uliopunguzwa zilikuwa hazihesabiwi. Tangu Juni 2021 zinahesabiwa. Bakapu ya WhatsApp kwenye Android nayo siku hizi inakula humo humo. Wengi mnapata ujumbe "nafasi imejaa" na hamjui kilichojaza.

#15 Mwana MUST
#14 shukrani mwalimu, biti na baiti nimepokea. Lakini hoja yangu inabaki. Bakapu haihitaji kupanda yote kila siku. Mara ya kwanza ndiyo ndefu, baada ya hapo yanapanda yale mapya tu. Picha za wiki moja unazimaliza usiku mmoja.

#16 Kitonga Shuka Taratibu
Halafu #13 unasema kila kitu chako kipo wingu. Kipo wingu *tu*, au kipo na kwingine?

#17 Mwana MUST
Laptopu inasinki na wingu.

#18 Mwalimu Gangilonga
#17 kusinki na bakapu ni vitu viwili. Folda inayosinki inafanya upande wa pili ufanane na huu. Ukifuta faili hapa, linafutika na kule. Mdogo wako akifungua tasnifu yako akafuta kurasa kumi akaseivu, na kule zimefutika. Kweli kuna pipa la taka na matoleo ya zamani, ila yana muda wake, kwa huduma nyingi ni kama siku 30. Ukigundua baada ya miezi miwili, imekula kwako.

Jambo jingine wasilolijua wengi: Google wanaweza kufuta akaunti ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Utaratibu huo ulianza Desemba 2023. Kama ulifungua akaunti ya pili ili utupie picha kisha hujaigusa tena, kaingie leo.

#19 Ulanzi Mtamu
Nimetoka hapa kwenda kuingia. Nilikuwa na akaunti ya picha za mwanangu alipozaliwa. Zipo. Asante sana mwalimu.

#20 Mzee wa Parachichi
Narudi kwenye mwinuko. Fundi #4 unasema mita 3,000. Sawa, hicho ni kipimo cha haddiski mpya. Iliyochoka je? Iliyokaa miaka mitano ikivuta vumbi la Mbalizi? Mimi nasema mwinuko unaongeza uchovu. Nina jamaa zangu Dar wana mashine za miaka kumi.

#21 Fundi Mafiati
#20 mzee wangu, ushahidi wa hilo sina, kwa hiyo siwezi kulikubali. Ila hebu tuchukue jamaa zako wa Dar: wana UPS, ile betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika? Wanachomoa wakilala? Hapo ndipo mimi ningeanzia.

#22 Radi Haina Undugu
Jina langu linaeleza kilichonileta kwenye uzi huu.

Nipo Rungwe. Radi ilipiga kwenye nguzo karibu na nyumba, ikaja na waya wa umeme. Televisheni, king'amuzi, kompyuta, na eksteno iliyokuwa ikinakili saa ile ile. Stebilaiza ilikuwepo. Stebilaiza kazi yake ni kusawazisha umeme unaopanda na kushuka. Radi siyo umeme unaopanda na kushuka. Hata UPS haikukingi radi ikipiga karibu.

Kilichoniokoa ni flashi iliyokuwa kwenye pochi ya mke wangu kanisani, yenye mafaili ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho. Watu wangenielewa kuhusu kompyuta. Kuhusu hisa zao wasingenielewa.

Sasa hivi wingu likitanda upande wa mlima tu, tunachomoa kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi, unachomoa kabisa, na waya wa antena pia.

#23 Loleza
#22 pole sana mkuu. Hii ya kuchomoa naomba tuikazie, maana inazuia na jambo la pili: virusi vya kudai fidia, vinavyofunga mafaili yako kwa fumbo vikitaka hela. Mei 2017 kilipita kimoja kinaitwa WannaCry, kikagusa nchi nyingi duniani kwa siku chache. Vya namna hiyo vikiingia kwenye kompyuta vinafunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, eksteno ikiwemo. Eksteno iliyo kabatini havina pa kuifikia.

#24 Nyasa Upepo
Huku kwetu virusi vinavyotusumbua ni vile vya steshenari. Unapeleka flashi kuprinti CV, ukirudi nyumbani mafaili yote yamegeuka shotikati. Watu wanalia wanafomati.

#25 Fundi Mafiati
#24 wasifomati! Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Fungua ile CMD, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, tuseme flashi inasoma E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafaili yatatokea, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Usibofye zile shotikati. Yanakili pembeni, skani na antivirusi, ndipo ufomati flashi.

Na flashi ya kwenda steshenari isiwe flashi ya bakapu. Nunua ndogo ya GB 4 au 8 kwa kazi hiyo.

#26 Kijana wa Tunduma
Wakuu, mimi nimenunua flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nimeweka muvi na picha, inasoma zote zipo. Si nimemaliza?

#27 Kitonga Shuka Taratibu
😂😂 Tunduma hamshindwi.

#28 Mwalimu Gangilonga
#26 tafadhali usiweke humo kitu unachokipenda. Flashi za namna hiyo nyingi zimechezewa zidanganye kompyuta. Ndani kuna nafasi ndogo sana, labda GB 16 au 32. Ukipita hapo majina ya mafaili yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila ndani hamna kitu, au mapya yameandikwa juu ya yale ya mwanzo. Fungua zile picha za kwanza kabisa ulizoweka uone.

Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw. Inajaza flashi nzima, kisha inasoma ilichoandika na kukwambia nafasi halisi. Chombo chochote kipya kipitishe humo kabla hujakiamini.

#29 Kijana wa Tunduma
Nimefungua za mwanzo. Zinagoma. Mungu wangu. Bahati kwenye simu bado zipo.

#30 Loleza
#29 usizifute kwenye simu mpaka uwe na sehemu mbili nyingine. Mbili, siyo moja.

#31 Mzee wa Parachichi
Hata eksteno za dukani zinaibia. Yangu imeandikwa TB 1, kompyuta inasoma GB 931.

#32 Mwana MUST
#31 shikamoo mzee. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, 1,000 kwa 1,000. Windows inahesabu kwa 1,024. Baiti ni zile zile, kinachotofautiana ni mgawanyo.

#33 Mzee wa Parachichi
#32 marahaba. Haya, hilo nimelielewa. La mwinuko bado.

#34 Dada wa Njombe
Mimi sitaki haddiski ya kuzunguka kabisa. Nimehamia SSD, ya nje, haina kinachozunguka. Ikianguka inanyanyuka, kichwa cha #3 hakimo. Na baridi yetu ya Njombe inaifaa.

#35 Fundi Mafiati
#34 kwa kuanguka uko sahihi. Ila SSD na flashi zinatunza data kwa chaji ya umeme, na chaji inavuja taratibu ikikaa bila kuchomekwa. SSD ya kawaida iliyokwisha kuchoka kwa kuandikwa sana, kiwango cha kimataifa kinataka idumu walau mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Mpya inakwenda mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama ndiyo nakala yako ya kabatini, ichomeke mara kwa mara. Kuhusu baridi, hapo nakuunga mkono: joto ndilo linaloharakisha kuvuja.

#36 Mama Wawili Tukuyu
Kwa hiyo Njombe SSD, Mbeya haddiski, Tukuyu tufanye nini? Tuchonge kwenye mawe?

#37 Ulanzi Mtamu
#36 mprinti. Mimi nasema hivyo bila utani. Picha za ubatizo wa mama yangu zipo kwenye albamu, za karatasi, hazijawahi kuomba paswedi wala umeme. Kila mwisho wa mwaka nachagua picha nzuri chache za familia napeleka studio Miyomboni. Kompyuta zote zikifa, hizo wajukuu watazishika.

#38 Dada wa Njombe
#37 hizo ni picha. Video ya bibi akiongea utaiprintije?

#39 Mkaguzi
Nimesoma wote, hakuna aliyegusa fumbo, yaani kuyafunga mafaili yasisomeke bila paswedi. Binti wa Mufindi #10, eksteno yako ina vyeti na hati za familia, na inasafiri. Ikidondoka stendi ya Mafinga, atakayeiokota anafungua na kusoma. Tumieni VeraCrypt, ni ya bure, au BitLocker kwa wenye Windows Pro. Bila paswedi mtu anaona takataka tu.

Na wale wanaotunza taarifa za watu wengine nyumbani kwa sababu ya kazi, kama wanafunzi, wagonjwa au wanachama wa vikundi, mkumbuke tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. #22 hilo la hisa linakuhusu.

#40 Mama Wawili Tukuyu
#39 hapa nina neno, na nalisema kwa uchungu. Baba yangu mdogo alikuwa makini kama wewe. Kompyuta paswedi, eksteno paswedi. Alifariki ghafla. Ndani kuna mikataba ya viwanja alivyouza na kununua, kuna majina ya waliokuwa wanamdai na aliokuwa anawadai, kuna picha za baba zake wote. Tumepeleka kwa mafundi mpaka Dar. Hakuna aliyeweza. Watoto wake wamelipa watu waliodai wanadai, kwa sababu hakuna karatasi wala faili la kuwakatalia.

Mimi eksteno yangu haina fumbo na haitakuwa nalo. Afadhali mwizi aone picha zangu kuliko watoto wangu wasizione.

#41 Mkaguzi
#40 pole sana dada. Sipuuzi unachosema. Lakini jibu ni kuandika paswedi kwenye karatasi, kuifunga kwenye bahasha, na kumpa mtu wa kuaminika. Mimi ipo bahasha kwa mke wangu na nyingine kwa kaka mkubwa.

#42 Kitonga Shuka Taratibu
#41 bahasha ikikaa nyumba moja na eksteno, mwizi amepata vyote. Ikikaa kwa kaka mkubwa, siku mkigombana shamba?

#43 Mkaguzi
#42 unaigawa nusu kwa nusu. Mmoja ana maneno ya mwanzo, mwingine ya mwisho.

#44 Mama Wawili Tukuyu
#43 na mmoja akitangulia?

#45 Radi Haina Undugu
#39 umenigusa. Kwenye kikundi tumekubaliana hivi juzi: faili la hisa linafungwa kwa paswedi, na paswedi wanaijua mwenyekiti, katibu na mhasibu. Halafu kila mkutano tunaprinti ukurasa wa jumla, kila mwanachama anaona mstari wake na kusaini. Karatasi inabaki kwenye sanduku la fedha lenye kufuli tatu.

Picha za nyumbani nimeacha wazi, kama dada #40.

#46 Mwalimu Gangilonga
Naona tumefika pazuri. Niongeze tahadhari moja kwa wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, kujaza eksteno. Ile alama ya /MIR inafanya eksteno ifanane kabisa na kompyuta. Chochote kilichopo eksteno na hakipo kwenye kompyuta, inakifuta. Ukigeuza chanzo na mwisho, unafuta bakapu yako kwa mkono wako. Tumieni /E, inaongeza na kuhuisha bila kufuta. Wasiopenda kuandika amri, Windows ina File History tangu toleo la 8. Inatunza na matoleo ya zamani ya faili, kwa hiyo kurasa zilizofutwa na mdogo wa #17 zinapatikana.

#47 Mwana MUST
#46 mdogo wangu hana kosa mwalimu 😀 Ila leo nimenunua eksteno. Itakaa kwa mama Uyole, mimi nipo hosteli Iyunga. Wingu linabaki pale pale.

#48 Dada wa Njombe
#47 safi. Mama awekewe mbali na jiko.

#49 Loleza
Mpaka sasa sababu za vifo tulizonazo: mwinuko (mzee #3 peke yake), umeme, unyevu, kuanguka, radi. Fundi, ukilazimishwa kuchagua moja?

#50 Fundi Mafiati
Umeme. Baada yake kuanguka.

#51 Kitonga Shuka Taratibu
Kuanguka. Baada yake umeme.

#52 Mzee wa Parachichi
Niko nafungasha eksteno mpya, inakwenda kwa kijana wangu Kyela. Kule ni chini, karibu na ziwa. Ya hapa na ya kule zimenunuliwa duka moja siku moja. Tutaona ipi inatangulia, kisha nitarudi na fundi tuzungumze.

#53 Nyasa Upepo
#52 Kyela kuna joto na unyevu mzee! Hapo utakuwa unapima mambo matatu kwa mpigo.

#54 Bibi Harusi 98
Samahani naingilia. Mimi nina kanda za VHS, harusi yangu ya mwaka 1998 Mafinga. Deki tuliuza. Nimeona zina unga mweupe pembeni ya utepe. Nikitafuta deki nikazicheza, naweza kuzihamishia kwenye kompyuta?

#55 Fundi Mafiati
#54 usizicheze dada! Huo unga mweupe kuna uwezekano mkubwa ni ukungu. Ukiuingiza kwenye deki unachafua vichwa, na kanda safi utakayoweka baadaye nayo itaambukizwa. Utepe ukinata unaweza kukatika. Zitenge na kanda nyingine, ziweke mahali pakavu, zisimame wima, zisilale. Tafuta mtu anayesafisha utepe kwanza, ndipo zichezwe mara moja tu huku zikirekodiwa kompyuta. Zipo ngapi?

#56 Bibi Harusi 98
Tatu. Moja ni ya sendofu, na ndiyo pekee yenye sauti ya baba.

#57 Binti wa Mufindi
#56 dada mimi nipo hapa hapa Mafinga, nina deki nzima na kile kifaa cha kuingiza kwenye kompyuta, tulitumia kwa kanda za mzee. Nitumie ujumbe pembeni. Tukishazipata, nakala moja ichukue wewe siku hiyo hiyo, na nyingine itapanda na yangu kwenda Makambako kama utaridhia.